Operesheni ya macho kwa leza: mwongozo kamili kuanzia vipimo, siku yenyewe, mpaka miezi ya baadaye

Naandika hii kwa sababu nimechoka kujibu jambo lilelile kila mara. Mtu kafanya LASIK, aina moja ya hii operesheni ya leza, wiki ya pili ananiuliza mbona macho yanachoma kama yana mchanga, ukimchimba kidogo unakuta machozi ya bandia aliacha siku ya nne maana "nilikuwa naona fresh tu". Mwingine kapanda basi usiku kucha kwenda kupimwa, kafika kaambiwa rudi baada ya wiki mbili kwa sababu juzi tu alikuwa na lenzi machoni.

Operesheni yenyewe ni kama robo saa na kazi yako pale ni kulala chali na kutazama taa. Watu hawafeli pale. Wanafeli kabla, na wanafeli zaidi baada, wakiwa nyumbani peke yao na chupa tatu za matone na mkono unaowasha kwenda kwenye jicho.

Mi nilivaa miwani tangu fomu wani, namba zikaishia -4.25 kulia na -4.75 kushoto (hiyo minasi maana yake huoni mbali), nikafanya LASIK. Mdogo wangu wa kike konea zake, yaani kioo cha mbele cha jicho, zilikuwa nyembamba akafanyiwa PRK, aina nyingine ya leza, kwa hiyo nimeishi na zote mbili nyumba moja. Mi sio daktari, na daktari wako akikwambia tofauti na hapa, fuata lake, yeye kaliona jicho lako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Miwani yenye namba yako ya sasa. Utaishi nayo wiki kadhaa bila lenzi, sasa kama ya kwako ina mikwaruzo au ni ya miaka minne iliyopita tengeneza mapema.
- Miwani ya jua mikubwa, inayofunika mpaka pembeni, yenye alama ya UV400, yaani inazuia miale ya jua inayodhuru. Ya giza tupu bila kinga haina maana.
- Vigao vya plastiki vya kufunika macho ukilala, na plasta ya karatasi. Kliniki nyingi wanatoa, ila uliza.
- Matone ya aina tatu: antibayotiki, steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), na machozi ya bandia yasiyo na kemikali ya kuhifadhi, yale yanayokuja kwenye vichupa vidogo vya kukata na kutumia siku hiyohiyo. Haya ya mwisho nunua ya mwezi mzima kabisa, sio kila duka la dawa mtaani wanayo.
- Panadol za kawaida, na tishu laini.
- Mtu. Namaanisha binadamu wa kukurudisha nyumbani, kulala karibu na wewe siku ya kwanza na kukumbuka saa za dawa, maana wewe simu hutaitazama.
- Ruhusa kazini: siku 2 au 3 kwa LASIK, wiki nzima kwa PRK na usibishane.
- Bahasha moja ngumu ya karatasi za vipimo. Nitaielezea mwisho.

## Hatua ya 1: Vua lenzi, na zikae nje kweli

Lenzi laini zitoke angalau wiki 2 kabla ya vipimo. Zile ngumu ni wiki 3 au 4, na kwa aliyezivaa miaka mingi inaweza kuwa zaidi.

Sababu ni kwamba lenzi inakaa juu ya konea, hicho kioo cha mbele cha jicho, na taratibu inaibonyeza na kubadili umbo lake. Ukiitoa, konea inarudi polepole. Ukipimwa kabla haijarudi, mashine inasoma umbo la uongo, na leza inachonga kwa kufuata huo uongo. Hapo unatoka na namba mpya ya miwani baada ya kulipa hela zote zile.

Usidanganye daktari. Kuna watu wanavaa "harusi moja tu, masaa manne". Sema, wapange siku nyingine.

Umefanikiwa kama vipimo vya siku mbili tofauti vinatoa namba zinazofanana.

## Hatua ya 2: Vipimo, na jinsi ya kuzielewa namba zako

Hapa usikae kimya. Watakupima unene wa konea, watachora ramani ya umbo lake, watapima presha ya jicho, ukavu, ukubwa wa mboni, kisha wataweka matone ya kupanua mboni waone nyuma. Hayo matone yanakutia ukungu masaa kadhaa, kwa hiyo usiende na gari ukategemea kurudi nalo mwenyewe.

Omba namba ya unene. Konea ya wastani ina kama maikroni 540, yaani nusu milimita na kidogo, na watu weusi kwa wastani tunakuwa na nyembamba kuliko wazungu, ndo maana usipige hesabu kwa namba ya mtu uliyemuona YouTube. Hesabu ya LASIK inaenda hivi: flapu, yaani kile kipande chembamba cha juu kinachofunuliwa kama ukurasa wa kitabu, ni maikroni 100 mpaka 120. Leza inakula takriban 15 kwa kila namba moja ya miwani. Kinachobaki chini kisipungue 250, na madaktari wengi wanataka 300.

Kwa hiyo mtu wa -4.75 mwenye konea ya 540 anatoa 110 za flapu na kama 70 za leza, anabakiwa na 360. Safi. Mtu wa -10 mwenye konea hiyohiyo anabakiwa na kama 280, hapo daktari makini anaanza kukuna kichwa.

Ukiambiwa ramani yako ina dalili za keratokonasi, konea inayochongoka kama pia, ondoka bila LASIK. Usitafute kliniki nyingine itakayokubali. Kukata konea iliyo dhaifu tayari kunaifanya ichomoze zaidi. Na kama wewe ni wale mliokua na mzio wa macho, mliofikicha macho toka darasa la pili mpaka yakawa ya kahawia, liseme wazi, maana kufikicha kwa miaka na keratokonasi vinatembea pamoja.

Mengine ya kusema hata usipoulizwa: ujauzito au kunyonyesha (namba ya macho inacheza, subiri), kisukari kisichotulia, magonjwa ya kinga ya mwili kama lupasi au baridi yabisi, VVU, herpesi (virusi vya malengelenge) iliyowahi kuingia jichoni, presha ya macho kwenye ukoo, na vidonge vya chunusi vya isotretinoini ambavyo vinakausha macho vibaya sana.

Umri ni kuanzia 18, wengi wanapenda 21, na namba isiwe imesogea zaidi ya 0.50 kwa mwaka mzima. Na nyie wa 40 kwenda juu, tuelewane mapema: leza inarekebisha kuona mbali, haizuii miwani ya kusomea. Baba mmoja mtaani kwetu alikasirika kweli kwamba "wamemwibia" kwa sababu hawezi kusoma meseji. Hajaibiwa, ni umri tu, lensi ya ndani ya jicho imekakamaa na leza haikuigusa hiyo.

Kuhusu aina, kwa kifupi. LASIK inafungua flapu, unaona haraka. PRK haina flapu, wanaondoa ngozi laini ya juu ya konea kisha leza, inauma siku kadhaa na kuona kunachelewa ila inafaa konea nyembamba na watu wa ngumi, jeshi au mpira, maana hakuna flapu ya kuhama. SMILE wanatoa kipande cha ndani kupitia tundu la milimita chache. Kliniki ikikwambia kila mtu anafaa aina moja tu, na bahati nzuri ndiyo hiyo wanayofanya wao, nenda ukasikie maoni mengine.

## Hatua ya 3: Siku tatu kabla, na asubuhi yenyewe

Wanja, maskara na kope za kubandika zitoke siku 3 kabla, sio asubuhi hiyo. Wanja hasa unang'ang'ania kwenye mizizi ya kope hata ukinawa, na chembe moja ikiingia chini ya flapu ni balaa.

Siku yenyewe usijipulizie pafyumu, usipake losheni usoni, usijifukize udi. Mvuke wake unaweza kuvuruga leza, na nesi akikunusa unaweza kusubirishwa.

Dada zangu, usisuke mtindo wenye fundo kubwa kisogoni. Unatakiwa kulala kichwa kikiwa kimetulia kabisa, fundo linakirusha pembeni. Osha nywele jana yake maana kichwani hutamwaga maji siku kadhaa.

Kula kawaida, kunywa chai. Ganzi ni ya matone tu, sio ya kulazwa usingizi, labda wakuambie tofauti.

## Hatua ya 4: Ndani ya chumba, dakika kwa dakika

Watakupaka dawa ya kusafisha kuzunguka macho, watadondosha ganzi. Inachoma sekunde chache halafu jicho linakuwa kama sio lako.

Kisha kifaa cha waya kinashikilia kope zisifumbe. Hofu ya "je nikipepesa?" iishe hapa, huwezi kupepesa. Kinachoudhi ni kile kivuta, pete inayoshika jicho wakati flapu inakatwa. Unahisi kubanwa, na kwa sekunde 20 au 30 mwanga unafifia au unazimika kabisa. HUJAPOFUKA. Mi hakuna aliyeniambia, nilishika shuka mpaka nesi akacheka. Ni mgandamizo tu, ukiachiwa mwanga unarudi.

Flapu ikifunuliwa taa unayoitazama inakuwa wingu. Endelea kuangalia katikati ya hilo wingu. Leza inapiga tik-tik-tik, mara nyingi haifiki dakika moja kwa jicho, na utasikia harufu kama nywele zimeungua. Jicho haliungui, leza hii inavunja chembe za konea bila kuichoma kwa joto na harufu ndo inatokea hapo.

Macho yakisogea kidogo mashine inayafuata, yakisogea sana inajizima yenyewe. Kinachotakiwa kwako ni kutohamisha kichwa na kutoinua mkono. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, SEMA kwa mdomo kwanza, watasimamisha.

Mwisho flapu inarudishwa, inalainishwa kwa maji na kiburashi, inasubiriwa ishike. Hakuna uzi. Ukiinuka utaona saa ya ukutani, ila kama unachungulia kupitia kioo cha daladala siku ya mvua. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

## Hatua ya 5: Masaa 6 ya kwanza

Ganzi inaisha njiani, na hapo ndo unajua umefanyiwa kitu. Ni kuchoma kama umekata vitunguu kilo tano, machozi yanamwagika, mwanga unauma. Inakaa masaa 4 mpaka 6.

Dawa yake ni usingizi. Meza ulichoandikiwa, vaa vigao, lala chumba chenye giza masaa manne au zaidi. Usikae sebuleni kupokea wageni wa pole. Usijaribu kusoma simu "nione kama imefanya kazi". Machozi yakitiririka yafute shavuni, jicho usiliguse. Flapu saa hizi imeshikwa na mvutano wa maji tu, kidole kimoja kinaikunja.

Kesho asubuhi unaondoa vigao, na kwa LASIK wengi ndo wanalia sasa kwa furaha, unaona majani ya mwembe moja moja. Siku hiyohiyo au ya pili unarudi kliniki. Usiikose, wanaangalia flapu imelala sawa na kama kuna uvimbe umeanza chini yake, ambao unatibika vizuri ukiwahiwa.

Kwa PRK sahau hii ya asubuhi. Utakuwa na lenzi ya bandeji, laini ya kufunika konea ikipona, siku ya 2 na ya 3 ndo mbaya zaidi, mdogo wangu alikaa na taulo kichwani hataki hata taa ya friji. Lenzi inatolewa na daktari siku ya 4 mpaka 7. Ikidondoka yenyewe usiirudishe, piga simu. Na usimbembeleze mtu wa duka la dawa akuuzie matone ya ganzi ya kukaa nayo nyumbani, yakitumika ovyo konea haiponi na inaweza kuharibika moja kwa moja.

## Hatua ya 6: Matone (hapa ndo wengi mnaanguka)

Ratiba ya kawaida ya LASIK ni antibayotiki mara 4 kwa siku na steroidi mara 4 kwa siku, kama wiki moja. Machozi ya bandia kila saa moja au mbili siku za mwanzo, kisha mara 4 au zaidi kwa siku kwa miezi. Kwa PRK steroidi inaenda wiki nyingi ikipunguzwa pole pole. Fuata karatasi yako.

Namna ya kuweka:

1. Nawa mikono kwa sabuni, kausha kabisa. Kama jana ulikata pilipili, nawa mara tatu.
2. Tikisa chupa ya steroidi kama imeandikwa itikiswe. Nyingi dawa inakaa chini, usipotikisa unadondosha maji matupu wiki nzima na siku ya mwisho unapata dawa yote.
3. Lala au egemeza kichwa nyuma. Vuta ngozi ya chini, karibu na mfupa wa shavu na sio kwenye ukingo wa kope, mpaka kitokee kimfuko.
4. Tazama juu, dondosha tone MOJA kwenye kimfuko. Ncha ya chupa isiguse kope wala jicho, ikigusa umeingiza wadudu kwenye chupa nzima.
5. Fumba taratibu bila kukaza, dakika 1 au 2. Ukikaza unaisukuma dawa nje. Bonyeza kidogo kona ya ndani ya jicho, pale pembeni ya pua, isishukie kooni na kukuachia uchungu.
6. Subiri dakika 5 kabla ya dawa nyingine. Hii ndo inarukwa kuliko zote. Tone la pili likija mapema linaosha la kwanza.

Antibayotiki na steroidi kwanza, machozi ya bandia mwisho.

Onyo kuhusu steroidi: ikiisha muda wake usiendelee kujinunulia kwa sababu "inatuliza wekundu". Inaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya na hiyo inakula mshipa wa kuona, hakuna kuurudisha. Na maji ya mwarobaini, maziwa ya mama, asali, mate ya bibi, vyote viishie mlangoni.

Utajua umefanikiwa ukiona chupa zinapungua kwa kasi inayolingana na siku, na asubuhi unaamka bila kuhisi kope zimeganda kwenye jicho.

## Hatua ya 7: Wiki ya kwanza nyumbani

Vigao usiku wote wiki nzima. Sio kwa ajili ya mwanga, ni kwa ajili ya mkono wako, unajifikicha usingizini bila kujua.

Maji ya bomba yasiingie machoni. Oga kuanzia shingoni kushuka, uso futa kwa kitambaa chenye unyevu. Kwa Waislamu, muulize daktari ni siku ngapi usimwage maji usoni, na mweleze sheikh wako hali yako, ruhusa ya kutayamamu kwa mgonjwa ipo. Bwawa na bahari angalau wiki 2, hata kama umefanyia operesheni Mombasa.

Bodaboda ni vumbi na upepo, kama lazima vaa miwani inayofunika pembeni. Moshi wa kuni na mkaa, mwachie mwingine jiko. Watoto wadogo, hasa wale wa mwaka mmoja wanaopenda kuchomeka kidole jichoni, wabebe ukiwa na miwani. Wanja mpya baada ya wiki mbili, na ununue mpya kweli, ule wa zamani tupa.

Unaweza kuona doa jekundu la damu kwenye weupe wa jicho. Linatisha, linatokana na ile pete, linaisha lenyewe ndani ya wiki 1 mpaka 3.

Gari usiendeshe mpaka daktari akupime na akuruhusu, na usiku subiri zaidi ya hapo.

## Hatua ya 8: Mwezi wa 1 mpaka wa 6

Ukavu. Mishipa midogo ya fahamu ya konea imekatwa, ndiyo inayoambia jicho litoe machozi, na inaota tena kwa miezi. Kwa hiyo jicho linaweza kuwa kavu na wewe husikii, unaona tu ukungu saa tisa mchana mbele ya kompyuta. Dondosha machozi kwa saa, usisubiri kuhisi. AC isikupulize usoni, feni igeuze.

Taa za usiku zitakuwa na duara na miale, hasa mwezi wa kwanza. Kwa wengi inapungua mpaka mwezi wa 3 au wa 6, kwa wachache inabaki kidogo, na nasema hivyo sababu kliniki zinapenda kulipita hili haraka.

Jicho moja likiwa bora kuliko jingine, acha kulinganisha kila siku kwa kufumba moja moja. Kama namba imebaki, daktari anaweza kurudia, ila husubiriwa angalau miezi 3 itulie. Lengo ni 6/6, yaani kuona kwa kawaida kwenye chati ya herufi, au karibu yake. Mi nina 6/6 kulia na 6/7.5 kushoto na siijui tofauti mpaka nipimwe.

## Kimbia kliniki leo, usisubiri tarehe yako

Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, kuona kunakoshuka ghafla, usaha au tongotongo zito la njano, doa jeupe kwenye konea, au umepigwa jichoni hata na kiwiko cha mtoto. Hili la mwisho halina muda wake kwa waliofanya LASIK, flapu inaweza kuhama hata miaka baadaye ikipigwa vibaya.

## Ile bahasha

Omba nakala ya vipimo vya KABLA ya leza: namba ya miwani, mpindo wa konea, unene, presha. Ukija kupata mtoto wa jicho uzeeni, daktari anachagua lensi ya kupandikiza kwa hesabu inayotumia umbo la konea, na ya kwako imechongwa, hesabu ya kawaida inakosea. Pia konea iliyopungua unene inafanya presha ya jicho isomeke chini kuliko ilivyo, kwa hiyo kila daktari wa macho utakayemuona maisha yako yote mwambie umefanya leza, hata kama umekwenda kwa ajili ya kikope tu. Karatasi zipige picha, jitumie kwenye imeili yako mwenyewe, kichwa cha habari andika "macho kabla ya leza" na mwaka.